Nani kasema hatuna kichwa cha hesabu?

Katika safu hii mmezoea nizungumzie presha, sukari, chanjo za watoto na namna ya kulala mchana baada ya zamu ya usiku. Leo naomba mnivumilie, maana nimekuja na daftari la hesabu. Lakini uuguzi haujakaa mbali, mtaona.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimerudi kazini, nimevua viatu mlangoni, nafagia sebule yetu ndogo hapa Fordsburg kabla sijalala. Ufagio ukavuta kitu chini ya kochi. Ni karatasi, imekunjwa mara nne. Nikaifungua: jaribio la hesabu la gredi ya sita, jina la mwanangu, na juu kwa wino mwekundu, 6 kati ya 20.

Sikumfokea. Nilikuwa nimechoka hata nguvu ya kufoka sina. Nilimwuliza tu, "Baba, hii ni nini?" Akatazama sakafu kwa muda, kisha akasema, "Mama, si ulisema mwenyewe sisi kwetu hatuna kichwa cha hesabu?"

Ni kweli nilisema. Nilikuwa kwenye simu na dada yangu aliyeko Tanga, tunacheka habari za shule za zamani, na mtoto yuko mezani anakula wali wake. Nilidhani hasikii. Watoto wetu hawa, ukiwatuma dukani hawasikii, lakini neno la simu halipiti.

Na mimi neno hilo sikulitunga. Nilipewa kidato cha pili, mbele ya darasa zima, na mwalimu aliyenirudishia daftari na kuniambia nitafute mambo mengine. Nikayatafuta. Nikasoma diploma ya uuguzi nyumbani, na miaka baadaye nikaongeza shahada huku ugenini. Kila siku kazini nakokotoa miligramu kwa kilo ya uzito wa mgonjwa na matone ya dripu kwa dakika, na nikikosea mtu anaumia. Hata hivyo kwa miaka yote hiyo niliendelea kusema sina kichwa cha hesabu, kama mtu anayetaja kabila lake. Sasa neno lilikuwa limemfikia mwanangu, naye amelipokea kama urithi.

Sikulala asubuhi ile. Niliosha uso, nikatandaza ile karatasi mezani, tukaisoma pamoja.

Jaribio lilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza, kuna rundo la maboksi: lichore linavyoonekana kwa mbele, kwa ubavuni na kwa juu. Ya pili, kuna umbo kwenye karatasi ya miraba: lisogeze, lipindue, lizungushe. Ya tatu, kuna maumbo kadhaa: sema yapi yanaweza kufunika sakafu bila kuacha pengo na bila kupandana. Hiyo ya tatu walimu wa huku wanaiita teseleshini, neno lililotoka kwenye Kilatini tessella, yaani kijiwe kidogo cha mraba cha kupambia sakafu.

Nilipoangalia majibu yake ya sehemu ya kwanza nikanyamaza. Mbele, ubavuni na juu, zote tatu alikuwa amechora picha moja ileile. Alichora kile anachokiona yeye akiwa ameketi. Hakuwa amehama kitini pake.

Kosa hilo nalijua. Mimi mwenyewe nimelifanya wodini.

Nilikuwa bado mgeni kazini. Kulikuwa na mzee anayesafishwa damu kwa mashine. Wagonjwa wa namna hiyo wengi huunganishiwa mshipa wa ateri na wa vena kwenye mkono mmoja, na mkono huo ni mwiko kuufunga kipimo cha presha au kuuchoma sindano, kwa sababu ukiharibika mgonjwa anapoteza njia yake ya kusafishwa. Faili lilisema wazi: mkono wa kushoto usiguswe. Nilisimama mbele yake, tumetazamana. Nikauacha mkono ulio upande wa kushoto kwangu, nikaanza kufunga kipimo kwenye ule mwingine. Mzee akauvuta taratibu. "Sista, mkono huu hapana." Alikuwa sahihi. Tukitazamana, kushoto kwake ni kulia kwangu. Mimi nilikuwa nimebaki kitini pangu, kama mwanangu na maboksi yake.

Hata picha ya eksirei iko hivyo. Huwekwa kana kwamba mgonjwa amesimama anatutazama, ndiyo maana moyo, ambao umeegemea kushoto, kwenye picha unauona umeelekea upande wako wa kulia. Tulifundishwa hilo chuoni kama sheria ya kukariri. Hakuna aliyetuambia kuwa ni hesabu.

Basi nikamweleza mwanangu habari ya yule mzee. Akanyanyua macho kwa mara ya kwanza. "Kwa hiyo na wewe ulikosea?" Nikamwambia ndiyo, na wewe hujakosa kichwa, umekosa kuzunguka meza. Twende tuzunguke.

Nikaleta pakiti ya sukari ya vipande. Tukapanga vipande vitatu kwa mstari, kisha cha nne juu ya kile cha kushoto. Nikamwambia achuchumae hadi jicho lilingane na meza, achore. Mbele: miraba mitatu chini, mmoja juu kushoto. Akahamia ubavuni: miraba miwili, mmoja juu ya mwingine, basi, mingine imejificha. Akapanda kwenye stuli, akatazama kwa juu: miraba mitatu kwa mstari, na wala hujui kuwa mmoja umebeba mwenzake. Kisha akaenda nyuma bila kuambiwa, akapiga kelele: "Mama, kile cha juu kimehamia kulia!" Hakikuhama. Yeye ndiye aliyehama.

Mzazi mwenzangu, kama una mtoto wa umri huu, usianze na penseli. Anza na vitu vya kushika. Umbo lenye urefu, upana na kimo hujulikana kwa kulizunguka na kuligeuza mkononi. Karatasi inakuja baadaye, na ikija mtoto anajua anachokitafuta.

Tulipofika kwenye karatasi nilimwonyesha njia niliyoikumbuka kutoka shule ya msingi. Chora mraba. Chora mraba mwingine uliolingana nao kabisa, umeusogeza kidogo juu na kulia. Unganisha kila kona na kona mwenzake. Umepata mchemraba. Mistari iliyo nyuma, ambayo jicho lisingeiona, ichore kwa nukta. Akajaribu na pembetatu: ichore, isogeze, unganisha kona. Ukapatikana mche wa pembetatu, kama boksi la chokoleti ya Toblerone. Hapo akasimamisha penseli. "Kumbe swali la pili liko ndani ya swali la kwanza?" Ndivyo. Kuchora mche ni kusogeza umbo bapa na kuunganisha kona. Mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kuliona hilo mpaka aliposema.

Tukahesabu. Mchemraba una nyuso 6, kona 8 na kingo 12. Mche wa pembetatu una nyuso 5, kona 6 na kingo 9. Jumlisha nyuso na kona, kisha toa kingo: 14 toa 12 ni 2, 11 toa 9 ni 2. Jaribu na piramidi yenye kitako cha mraba: nyuso 5, kona 5, kingo 8, jibu ni 2 tena. Mtoto akichora umbo la namna hii na hesabu ikamgomea, ajue kuna mstari ameusahau. Ni kama sisi tunavyohesabu vifaa kabla ya kufunga kidonda: idadi isipotimia, unatafuta.

Kazi ngumu ilikuwa mcheduara. Chukua kikombe. Ukikitazama kwa juu kabisa, mdomo wake ni duara. Kishushe kidogo, duara linabanwa kuwa duaradufu. Kishushe hadi usawa wa jicho, unabaki mstari. Watoto wengi huchora mdomo umepinda na kitako kimenyooka kama rula, kisha wanashangaa kwa nini kikombe hakikai vizuri. Kitako nacho kinapinda. Wakazi wa Johannesburg, tunao mcheduara mkubwa wa kufanyia mazoezi: jengo la Ponte, lililokamilika mwaka 1975, lenye kimo cha mita 173 na tundu katikati toka chini hadi juu. Ndugu zetu wengi kutoka Afrika Mashariki na Kongo wamewahi kupanga humo. Siku hizi tukipita na teksi mwanangu hulitazama na kusema, "Duara limesogezwa juu mita 173."

Mchana tulitoka. Nilikuwa na kitambaa cha kununua, tukaenda Oriental Plaza. Msomaji usiyeifahamu Fordsburg, hili ni soko kubwa lililojengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, waliofukuzwa Pageview, mtaa jirani, kwa sheria za ubaguzi za wakati ule. Leo ukiingia humo, macho hayajui yatue wapi: vitambaa vimening'inia kutoka dari hadi sakafuni.

Nilikuwa nimebeba kipande cha ile karatasi nyembamba ya kuokea keki, ambayo unaona kupitia ndani yake. Nikanunua mita mbili za kitambaa cha maua, tukakaa kwenye benchi, nikamwambia aliwekee ua moja karatasi ile na alinakili kwa penseli. Halafu ajaribu kulifikia ua lingine kwa kuihamisha karatasi.

Kama karatasi inafika kwa kuteleza tu, bila kugeuka, ua limesogezwa. Kama lazima uishike sehemu moja kwa kidole na kuizungusha, ua limezungushwa. Kama haikubali kabisa mpaka uilaze kifudifudi, ua limepinduliwa, kama kwenye kioo. Kipimo ni hicho tu, na mtoto wa miaka kumi na moja anakimudu ndani ya dakika tano. Katika mambo yote matatu ua halikui, halipungui wala halipindi, linabadilisha mahali na mwelekeo tu.

Jioni tukampigia bibi yake simu ya video. Bibi yuko Tanga, hakwenda shule kabisa, lakini ukimkuta barazani mkono wake haukosi ukili. Kwa watoto waliozaliwa huku nieleze: ukili ni ule utepe mrefu unaosukwa kwa majani ya mkindu, kisha tepe huunganishwa kwa kushonwa ubavu kwa ubavu mpaka unapatikana mkeka. Mjukuu akamwuliza, "Bibi, unajuaje rangi itokee wapi?" Bibi akacheka. "Nahesabu, mjukuu wangu. Nyuzi hizi ukipunguza moja tu, ua linakwenda upogo hadi mwisho." Dada yangu aliyekuwa nyuma ya bibi na mimi tukatazamana kwenye simu. Sisi ndio tulikuwa tunacheka kwamba kwetu hatuna kichwa cha hesabu, na mama yetu kwa miaka yote hiyo alikuwa anasogeza na kupindua maumbo vidoleni mwake bila rula.

Kisha likatokea jambo ambalo sikulipanga. Mwanangu aliinua daftari lake kumwonyesha bibi alichochora, na kwenye kioo cha simu yetu maandishi yakaonekana kinyumenyume. Akalishusha haraka akidhani bibi haoni vizuri. Dada yangu akasema huku wanayaona sawasawa. Kumbe simu humwonyesha mtu uso wake mwenyewe kama kioo, lakini kwa wa upande wa pili hupeleka picha isiyopinduliwa. Bibi naye akainua pembe ya kanga yake tusome jina, na sisi tukalisoma bila shida, wakati yeye kwake aliliona limegeuka.

Tukabaki kwenye kanga. Pindo lake linazunguka pande zote, na mji wake katikati mara nyingi unaweza kuukunja nusu kwa nusu, ua likalalia ua. Jina ndilo halikubali. Maneno hayakunjiki. Mwanangu akaandika kwenye daftari lake, kwa Kiswahili: "Kanga ina ulinganifu mpaka ufike kwenye jina." Sijui mwalimu wake atasema nini, lakini mimi nilimpa alama zote.

Hapa niseme neno kuhusu lugha. Wazazi wengi huniambia hawawezi kuwasaidia watoto hesabu kwa sababu "wanasoma kwa Kiingereza". Maneno ya Kiswahili yapo, na mengine yanafundisha yenyewe. Pembetatu inajieleza. Mchemraba unajieleza. Lile umbo la koni ya aiskrimu, Kiswahili cha shuleni kinaliita pia, ileile pia ya kuchezea tuliyoizungusha uwanjani utotoni. Mwanangu alipolisikia alimwuliza bibi yake, na bibi akamweleza pia inavyochongwa, ncha chini, duara juu. Jibu hilo lilimsaidia kuichora kuliko picha ya kitabuni. Mtoto mwenye majina mawili ya kitu kimoja hajachanganyikiwa. Amekiona kutoka pande mbili.

Siku ya pili, Jumapili, tuliingia jikoni kwa ajili ya sehemu ya tatu. Nilipika kashata za nazi. Unajua zinavyokatwa: unazitandaza kwenye sinia, unakata mistari sambamba upande mmoja, kisha mistari ya mshazari, zinatoka pembenne zilizolala. Nikamwuliza, ukiacha kule ukingoni mwa sinia, kisu kimebakiza nini kati ya kashata na kashata? Hakuna. Halafu nikasukuma unga wa biskuti, nikamwambia akate kwa mdomo wa glasi. Kati ya duara na duara kukabaki vipande vyenye ncha tatu, ikabidi tuvikusanye tusukume upya. Hapo akaelewa kwa nini duara halifuniki sakafu.

Sambusa nazo zina somo. Chukua utepe wa karatasi badala ya manda, usipoteze chakula, ukunje pembetatu juu ya pembetatu hadi mwisho. Kisha ufungue. Mistari ya mikunjo imeugawa utepe wote kuwa pembetatu zinazolingana, zimebanana, hakuna pengo. Na kila mkunjo ulikuwa ni kupindua: pembetatu imelala juu ya jirani yake kama kwenye kioo. Katika mtaa wetu huu sambusa hazihesabiki, na sasa hatuwezi kuzila kimyakimya.

Sababu yenyewe iko kwenye kona. Maumbo yanapokutana sehemu moja sakafuni, pembe zake lazima zitimize nyuzi 360, zisizidi wala zisipungue. Pembetatu yenye pande sawa ina nyuzi 60 kila kona: sita zinatimiza 360. Mraba una 90: minne inatimiza. Pembesita yenye pande sawa ina 120: tatu zinatimiza, na nyuki wanalijua hilo. Pembetano yenye pande sawa ina 108: tatu zinafika 324 na kuacha pengo la 36, na nne zinazidi. Kwa hiyo maumbo yenye pande zote sawa na pembe zote sawa yanayoweza kufunika sakafu peke yake ni hayo matatu tu duniani kote. Ukiona sakafu ya pembenane, tazama vizuri, utakuta miraba midogo imezibwa katikati: 135 na 135 na 90 ni 360.

Lakini pembetano ambayo pande zake hazilingani ni habari nyingine, na hapa nataka mama na wanafunzi mnisikilize. Mwaka 1975 jarida la Scientific American liliandika kuhusu aina za pembetano zinazoweza kufunika uso bila pengo. Mama mmoja wa nyumbani huko San Diego, Marekani, aitwaye Marjorie Rice, akaisoma. Elimu yake ya hesabu haikuvuka sekondari. Akaanza kuchora jikoni kwake, na kwa kuwa hakuzijua alama za wataalamu, alijitungia zake. Aliendelea hadi akagundua aina 4 mpya ambazo wataalamu hawakuwa wameziona. Leo aina zinazojulikana ni 15, na nne kati yake ni za mama yule. Nilimsimulia mwanangu habari hii huku anaosha sinia la kashata. Akaniuliza, "Na yeye aliambiwa hana kichwa cha hesabu?" Nikamwambia sijui, lakini kama aliambiwa, hakukubali.

Mwisho wa siku nilimwomba radhi. Nilimwambia lile neno la kwenye simu halikuwa kweli, nilipewa na mtu, nami nikalitunza bila kulichunguza. Hakujibu kitu. Alisema anataka kashata nyingine.

Wiki tatu baadaye alileta jaribio la pili: 13 kati ya 20. Hakulificha, lilikuwa juu ya meza nilipotoka kazini. Bado kuzungusha kunamsumbua, hasa anapoambiwa azungushe robo duara kuelekea mwendo wa saa. Tunalifanyia kazi. Lakini nilimsikia akimwambia mdogo wake anayelia na mchoro, "Usikae hapohapo. Zunguka meza."

Kwa wazazi wanaotaka kujaribu nyumbani, nawaachia kazi moja. Chukua boksi tupu la nafaka, mtoto akate pembenne yoyote, hata ikiwa mbaya mbaya, mradi kingo zake zimenyooka. Aiweke kwenye karatasi, aizungushie penseli. Kisha aizungushe nusu duara kwa kushika katikati ya upande mmoja, achore tena, aendelee hivyo kwa kila upande. Itajaza karatasi nzima bila pengo, hata iwe pembenne ya namna gani, kwa sababu kona zake nne zikikutana hutimiza 360. Msimwambie jibu mapema. Mwacheni ashangae mwenyewe.

Na ninyi wanafunzi wa uuguzi mnaosoma safu hii mkiwa vyumba vya kupanga huku na huku: kabla hamjafunga kipimo, simameni mahali alipo mgonjwa, hata kama ni kwa mawazo tu. Ulizeni, "Baba, mkono wako wa kushoto ni upi?" Hakuna aibu katika kuuliza. Mimi nauliza hadi leo.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudi kwenye sukari, ile ya kwenye damu. Hadi hapo, nawatakia afya njema. Na kwenye simu, tuchunge maneno yetu mbele ya watoto.